Ruzuku ya mbolea ikibadilika: hesabu ya mfuko, uchachu wa udongo na ekari zako nne

Swali. Msomaji wa Mbozi, mkoani Songwe, analima mahindi ekari 4, tatu zake na moja ya kukodi. Anauliza: "Tangu 2022 tunanunua mbolea ya ruzuku. Sasa maneno ni mengi: wengine wanasema itapunguzwa, wengine wanasema tutarudi kwenye vocha. Ikiondoka nitapata hasara kiasi gani? Na ni kweli kwamba mbolea hizi zimeua udongo? Mbona mahindi hayaitikii kama zamani?"

Jibu. Umeuliza mawili, lakini jibu la la kwanza limefichwa ndani ya la pili. Ruzuku ikipunguzwa leo, wakulima wawili wanaopakana, wenye ekari sawa na mfuko uleule, hawataumia sawasawa. Mmoja atapunguziwa faida tu. Mwingine atakuwa analima kwa hasara. Kinachowatenganisha ni udongo, na udongo huo kila mmoja ameutengeneza au ameuharibu katika miaka ileile ambayo mbolea ilikuwa rahisi.

Tuanze na hesabu. Ruzuku ilipozinduliwa kwenye Nane Nane ya Mbeya mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa Urea (mbolea ya kukuzia) ulitoka takriban shilingi 124,000 hadi 70,000. DAP (ya kupandia, yenye fosforasi) ilitoka takriban 131,000 hadi 70,000, CAN (ya kukuzia) kutoka 108,000 hadi 60,000, na SA (salfeti ya amonia, nayo ya kukuzia) kutoka 82,000 hadi 50,000. Bei hubadilika kila msimu na kila eneo, kwa hiyo weka za wakala wako. Hizi tunazitumia kuonyesha njia.

Chukua mfuko mmoja wa Urea na tuseme kilo ya mahindi unaiuzia shambani kwa shilingi 500. Kwa bei ya ruzuku, mfuko huo lazima ukuongezee kilo 140 za mahindi ndipo urudishe fedha yake tu. Bila ruzuku lazima ukuongezee kilo 248. Hapo bado usafiri, kibarua cha kuweka mbolea na kubebea magunia.

Je, mfuko wako unaongeza kilo ngapi? Urea ni asilimia 46 naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea, kwa hiyo mfuko una kilo 23 za naitrojeni. Kwenye shamba lenye rutuba ya wastani, lililopaliliwa kwa wakati na kupandwa mbegu bora, kilo 1 ya naitrojeni inaweza kuongeza kilo 20 za mahindi, yaani kilo 460 kwa mfuko. Mkulima huyo anapata shilingi 230,000. Akitoa 70,000 anabaki na 160,000. Ruzuku ikiondoka anabaki na 106,000. Atanung'unika, lakini ataendelea kununua.

Kwenye udongo uliochoka, wenye uchachu (asidi) mkali, kilo 1 ya naitrojeni huweza kuongeza kilo 8 tu, au chini ya hapo. Mfuko unaleta kilo 184, sawa na shilingi 92,000. Kwa bei ya ruzuku anabaki na 22,000, ambazo kibarua na boda boda zinazimaliza. Bila ruzuku amepoteza 32,000 kwa kila mfuko. Huyu ndiye atakayesema serikali imemwangusha, ilhali shamba lake lilikwisha kumwangusha misimu kadhaa kabla, ila bei ya chini ilimficha asione.

Na kuna upande wa bei ya mahindi, ambao kwenye mikutano ya hadhara hautajwi sana. Mbolea ikiwa rahisi kwa kila mtu na mvua ikikubali, mahindi hujaa sokoni. Kilo ikishuka hadi shilingi 350, mfuko ule wa 70,000 unahitaji kurudisha kilo 200 badala ya 140. Kwa kaya inayonunua chakula kuanzia Desemba hadi mavuno, na vijijini ziko nyingi kuliko inavyodhaniwa, bei hiyo ni nafuu. Kwako unayeuza, sehemu ya ruzuku imekwenda kwa mlaji.

Usikubali namba zangu za 8 na 20 bila kupima shambani kwako. Katikati ya shamba, pale panapofanana na sehemu kubwa ya shamba, pima kipande cha mita 10 kwa 10 ambacho utakipa mbolea ya kupandia kama kawaida lakini usikipe ya kukuzia. Kando yake pima kingine cha ukubwa uleule chenye mbolea ya kukuzia kwa kipimo cha mfuko 1 kwa ekari. Palilia vyote siku moja. Ukivuna, kausha, pukuchua na pima kila kimoja kwa mzani, kisha zidisha mara 40 kupata kilo za ekari. Tofauti ndiyo kazi ya mfuko mmoja. Kosa la kawaida ni kuweka kipande kisicho na mbolea pembeni, chini ya mti au jirani na kichuguu. Hapo utapima kivuli na mchwa.

Sasa tuje kwenye udongo. Mbolea ya ruzuku haina sumu ya pekee. Ni Urea na DAP zilezile ambazo mwenye duka angekuuzia kwa bei kamili. Uchachu unatokana na namna naitrojeni ya amonia inavyogeuka naitreti ardhini: mgeuko huo huachia asidi. Mvua za nyanda za juu hushusha naitreti hadi chini ya mizizi pamoja na kalsiamu na magnesi. Mavuno huondoka na sehemu nyingine ya madini hayo, na ukiyatoa mabua yote kwa ajili ya mifugo unaondoa zaidi. Mashamba mengi ya Mbeya, Songwe, Njombe, Rukwa na Ruvuma yalikuwa na uchachu wa asili hata kabla ya mfuko wa kwanza kufika. Mbolea imeongeza kasi tu.

Mifuko haifanani kwa hili. Kwa kadirio la wataalamu wa udongo, asidi inayoachwa na mfuko 1 wa SA inahitaji takriban kilo 55 za chokaa safi kuifuta. Mfuko wa Urea unahitaji kama kilo 40, na wa DAP kama kilo 35. CAN ina chokaa ndani yake, hivyo mzigo wake ni mdogo sana. Mkulima anayeweka DAP mfuko 1 na Urea mifuko 2 kwa ekari kila mwaka anadaiwa na shamba kama kilo 115 za chokaa kwa mwaka. Miaka minne ya hivyo bila kulipa ni karibu nusu tani kwa ekari.

Kipimo cha pH (namba ya uchachu: kadiri inavyoshuka, uchachu unazidi) kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia udongoni huanza kuyeyuka. Mizizi inakuwa mifupi, minene na butu. Fosforasi ya DAP hukamatwa kabla mmea haujaifikia, ndiyo maana unaona majani ya mahindi machanga yana zambarau ilhali umepandia DAP. Maharage yaliyo kati ya mistari yanakuwa njano kwa sababu vinundu vya mizizi, vinavyoyapatia naitrojeni, havifanyi kazi. Mkulima akiona hivyo huongeza Urea. Mahindi yanakuwa ya kijani wiki mbili, kisha yanarudi palepale, na udongo umeongezewa asidi.

Hapa ndipo ruzuku inapobeba lawama yake halali. Katika zile bei zilizotangazwa 2022 tuliona DAP, Urea, CAN, SA na NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu pamoja). Chokaa haikuwamo kwenye mkumbo huo. Mbolea iliposhuka karibu nusu na chokaa ikabaki ilipokuwa, kila mtu aliongeza kile kilichoshuka. Mkulima hakukosea hesabu, alifuata bei aliyowekewa. India imeonyesha jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi: mwaka 2010 walirekebisha ruzuku ili ifuate virutubisho vilivyomo kwenye mfuko, lakini Urea wakaiacha nje ya mfumo huo. Fosforasi na potasiamu zikapanda bei, Urea ikabaki rahisi, na wakulima wakazidi kumwaga naitrojeni kwenye mashamba yaliyokuwa yanalilia potasiamu. Mageuzi nusu nusu yanaweza kuharibu udongo kuliko kutobadili chochote.

Lakini tusiige hofu za wenzetu bila kupima. Ulaya na sehemu za Asia wanapambana na mbolea nyingi mno inayoingia mitoni na kwenye maji ya kunywa. Sisi bado hatujafika huko. Lengo la Azimio la Abuja la viongozi wa Afrika la 2006 lilikuwa kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na Tanzania haikulifikia. Tatizo letu kubwa la mazingira ni shamba kuchotwa bila kurudishiwa, kisha mtu kuhamia kwenye kilima au msitu kutafuta ardhi mbichi. Kwa hiyo kusema "ondoeni mbolea, udongo utapona" si kweli. Sri Lanka ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali Aprili 2021, ghafla, bila maandalizi. Mavuno ya mpunga yaliporomoka na kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa inalegeza amri yake.

Sisi wenyewe tuna la kukumbuka. Ruzuku ya enzi za bei moja ya nchi nzima iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mikoa ya mbali na bandari kama Rukwa na Ruvuma ndiyo iliyoumia zaidi, kwa sababu ilipoteza vitu viwili pamoja: mbolea ya bei nafuu na mnunuzi wa mahindi aliyelipa bei sawa na ya Morogoro. Matumizi ya mbolea yakashuka. Ukisikia mabadiliko yanakuja, uliza kuhusu soko la mahindi kwa sauti ileile unayouliza kuhusu mbolea.

Kuhusu aina ya mabadiliko, athari hazifanani.

Vocha za 2008 hadi 2014 zililenga ekari moja kwa kaya: mfuko 1 wa Urea, mfuko 1 wa DAP au 2 ya fosfeti ya Minjingu, na mbegu, serikali ikilipa karibu nusu. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyochagua walengwa. Uzuri wake ni kwamba ililenga. Ubaya wake ulijulikana haraka: vocha zilichelewa hadi mahindi yakawa magotini, na baadhi ya wakulima walisaini vocha wakapewa fedha kidogo badala ya mbolea, wakala akachukua tofauti. Utaratibu ulioanza 2022 ulifungua mlango kwa kila aliyesajiliwa, na mfuko ukawekewa alama ya kuskani ili wakala asilipwe bila mauzo kuthibitishwa. Umepunguza ujanja wa saini, ila umeleta matatizo mengine: foleni kwa mawakala wachache, mtandao kukatika, na mwenye ekari 100 kunufaika kwa mifuko mingi kuliko wewe mwenye 4. Pia bei ikiwa nusu ya ile ya nchi jirani, mfuko una miguu. Tunduma, mpakani na Zambia, haiko mbali.

Vocha ya kuchagua, yaani mkulima anachagua mwenyewe cha kuchukua dukani, ambayo Zambia iliijaribu kwa njia ya kielektroniki, ndiyo yenye manufaa zaidi kwa udongo endapo chokaa na mbegu za mikunde zimo kwenye orodha. Mkulima wa Zambia aliweza kuchukua hata dawa za mifugo. Iliyumba pale serikali ilipochelewa kuwalipa wenye maduka, nao wakaacha kujaza stoo. Hilo ndilo jambo la kuangalia kwenye mpango wowote: nani anasubiri fedha, na anasubiri muda gani. Wakala asiyelipwa ya mwaka jana hataagiza ya mwaka huu, na mbolea iliyofika wiki tatu baada ya kupanda ni hasara hata ikigawiwa bure.

Ukinunua popote, kagua mfuko. Kenya mwaka 2024 ilikumbwa na kashfa ya mifuko iliyouzwa kwenye mpango wa ruzuku na kukutwa haina viwango vya mbolea. Angalia mshono wa kiwandani, uzito kwenye mzani, na lebo yenye asilimia za virutubisho. Weka kiganja cha Urea kwenye glasi ya maji: inayeyuka yote na glasi inapoa mkononi. Ikiacha mchanga chini, rudisha na utoe taarifa. DAP haipimwi hivyo, kwani huacha mashapo kidogo hata ikiwa nzuri.

Sasa ekari zako tatu. Anza na kupima udongo kabla ya kununua chochote. Chukua sampuli kwenye sehemu 15 hadi 20 ukitembea kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu, palipochomwa mabua, palipolala ng'ombe na ukingo wa shamba. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati, toa kama kilo moja, ianike kivulini, iandike jina na kipande cha shamba. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole kiko Mbeya. Omba pH, fosforasi, kaboni na, kama wanaweza, alumini. Ukipata pH tu bado ni bora kuliko kubahatisha.

Kama pH iko chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo kilo 400 hadi 800 kwa ekari kulingana na kipimo, mwezi mmoja kabla ya kupanda. Inyunyize siku isiyo na upepo, ichanganye na udongo hadi sentimita 15 au 20. Chokaa iliyoachwa juu hubaki juu. Usiiweke siku moja na samadi, Urea au DAP, kwa sababu chokaa hufukuza naitrojeni hewani kama gesi ya amonia. Utaisikia harufu yake. Kama fedha haitoshi, fanya ekari moja kwa kipimo kamili kila mwaka kuliko kunyunyizia tatu kidogo kidogo zisipate nafuu. Rudia kila baada ya miaka 3 au 4. Chunga pia usizidishe: ukivuka pH 6.5, zinki na madini mengine madogo hupungua na mahindi huota mistari myeupe. Isugue mkononi unaponunua. Chokaa nzuri ni laini kama unga, na ile ya chenga chenga huchukua miaka kufanya kazi. Chokaa ya kuchomwa ya kupaka kuta ina nguvu zaidi na huunguza ngozi na miche, usiichukulie kwa vipimo hivi.

Fosfeti ya Minjingu ilidharauliwa enzi za vocha, kwa kuwa unga wake ulipeperuka na matokeo yalikawia. Lakini kwenye udongo mchachu ndipo inapoyeyuka vizuri, na ina kalsiamu ya kutosha. Kwa shamba kama lako ni mbadala halali wa DAP, ukijua kwamba faida yake kubwa huja kuanzia msimu wa pili.

Urea usiipandie na usiirushe juu. Ukipanda kwa sentimita 75 kwa 60, mimea 2 kwa shimo, una mashimo kama 9,000 kwa ekari. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa, karibu gramu 5 hivi, kinamaliza karibu mfuko mmoja. Weka mahindi yakiwa magotini, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, ufukie. Ikiachwa juani kwenye udongo wenye unyevu kidogo, sehemu kubwa inaruka. Hata theluthi moja huweza kupotea. Hiyo ni ruzuku unayojiondolea mwenyewe. Na kama tofauti ya vipande vyako vya mita 10 kwa 10 ilikuwa chini ya kilo 140 kwa ekari, mfuko wa pili wa Urea usinunuliwe hata kwa 70,000. Fedha hiyo ni ya chokaa.

Maharage au soya kwenye robo ya shamba kila mwaka, mabua yaachwe shambani au yaingie kwenye mboji, na makinga maji yafuate kontua kama kuna mteremko. Haya unayajua; bei ya mbolea ikiwa chini ndiyo yanasahaulika kwanza.

Ekari ya kukodi ina hesabu yake. Usiweke chokaa kwenye ardhi unayokodi msimu kwa msimu, maana anayekuja baada yako ndiye atakayevuna. Ukipata mkataba wa miaka mitatu wenye maandishi na shahidi wa ofisi ya kijiji, weka. Ukikosa, kuzia kwa CAN badala ya Urea: kilo ya naitrojeni inakugharimu kama shilingi 4,440 badala ya 3,040 kwa bei za 2022, lakini haipotei hewani sana na huachi deni kubwa la asidi. Na mkubaliane mapema ekari hiyo isajiliwe kwa jina la nani, kwa kuwa mwenye ardhi akiisajili yeye, mbolea yake ataichukua na kodi ataidai vilevile. Ruzuku ikidumu, kodi za mashamba nazo hupanda, hivyo panga kodi ya miaka yote mitatu sasa. Hakiki ofisi ya kijiji kwamba ekari, zao na namba ya simu kwenye usajili wako ni sahihi kabla ya Septemba. Namba iliyobadilishwa bila taarifa ndiyo inayowaacha wengi mbele ya wakala wakiwa na fedha mkononi na hawauziwi.